Mbao ya kuokota ni ya mti gani? Hivi ndivyo fundi anavyoweza kuitambua kabla ya kuikereza

Nyumba ya zamani ikibomolewa au jahazi bovu likivunjwa, mafundi hugombania mbao. Ni kavu, ngumu, na mara nyingi ni za bei poa. Shida ni moja: hakuna anayejua ni za mti gani.

Kwa fundi anayekereza, yaani anayechonga bakuli, vinara au miguu ya vitanda kwenye mashine inayozungusha kipande cha mti, hilo si jambo dogo. Mashine hiyo hutoa vumbi jingi karibu kabisa na uso. Vumbi la mvule, kwa mfano, linajulikana kusababisha pumu na vipele kwa baadhi ya watu.

Uliza ilikotoka

Hii ni dalili ya kwanza, na ni ya bure. Boriti za dari kwenye nyumba kongwe za pwani mara nyingi ni mikoko. Milango ya zamani ya Zanzibar mingi ni ya msaji au mfenesi. Mbao za jahazi zinaweza kuwa msaji, mvule au mbambakofi, ambao bara huitwa mkongo.

Kagua dawa, rangi na misumari

Ubao wenye ukijani uliofifia huenda ulitiwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki. Kipande cha nguzo ya umeme au taruma la reli kinachonuka lami huenda kina kreosoti. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Mbao za namna hii zisikerezwe wala zisichomwe jikoni. Kwenye palet tafuta muhuri: HT maana yake zilipashwa joto, MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu.

Kisha pitisha sumaku. Msumari mmoja uliojificha unaharibu patasi na unaweza kumjeruhi fundi.

Usihukumu kwa rangi ya nje

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Jua na mvua hugeuza karibu kila ubao kuwa wa kijivu. Kata kichwa cha ubao, kilainishe kwa wembe mkali, kiloweshe kidogo, halafu kitazame kwa lenzi.

Usipoona vitundu vyovyote, huenda ni paina au saiprasi. Vitundu vikionekana, ni mti wa majani mapana. Kwenye msaji, vitundu vikubwa hujipanga kufuata pete za ukuaji. Kwenye mpingo ni vidogo mno, ni vigumu kuviona kwa macho matupu.

Pima uzito

Kata kipande kikavu cha sentimita 5 kwa 5 kwa 4. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 100, hivyo hesabu ni rahisi. Mninga, mvule na msaji huwa karibu gramu 60 hadi 70. Mkongo hukaribia 80. Mpingo hufika 120 hivi, na ukitiwa majini unazama.

Dalili za miti inayokutwa sana

• Mvule: ukikatwa ni wa manjano, kisha unageuka kahawia. Ndani unaweza kuwa na vijiwe vyeupe vinavyotia patasi butu.
• Msaji: una mafuta ukiushika, na harufu kama ya ngozi iliyotengenezwa.
• Mninga: kahawia ya dhahabu hadi nyekundu, wenye harufu nzuri.
• Mkongo: kahawia nyekundu, wenye chembe nyeupe au za manjano ndani ya vitundu.
• Mpingo: moyo mweusi wenye zambarau, na ukingo mwembamba wa rangi ya maziwa.

Dalili moja haitoshi. Rangi, uzito, harufu na vitundu vikikubaliana, hapo ndipo jina linapopatikana. Njia nzuri ni kuweka vipande vidogo vya miti inayojulikana, vimeandikwa majina, kwa ajili ya kulinganisha. Bado kuna utata? Taasisi za utafiti wa misitu, kama TAFORI nchini Tanzania na KEFRI nchini Kenya, ni mahali pa kuulizia.

Jina lina kazi nyingine pia. Mpingo umo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 2017, na mninga na mkongo vikaongezwa kwa uamuzi wa 2022. Anayetaka kuvusha mbao hizo mpakani aulize kwanza kuhusu vibali.

Na jina likikosekana kabisa? Fundi avae barakoa na miwani, afanye kazi penye hewa, na kipande hicho kiwe kinara au pambo. Bakuli la chakula lisubiri ubao unaojulikana.