Mtoto njiti: kwa nini kifua cha mama ni sehemu ya matibabu

Mtoto njiti ni mtoto aliyezaliwa akiwa hai kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti wapatao milioni 13.4 duniani kote, yaani karibu mtoto mmoja kati ya kila kumi. Aliyezaliwa wiki ya 35 na aliyezaliwa wiki ya 27 wote tunawaita njiti, lakini safari zao hazifanani. Kila wiki anayoongeza tumboni inamsaidia. Pengine umesikia mtaani kwamba mtoto wa miezi saba hupona ila wa miezi minane hufa. Hilo si kweli. Wa miezi minane ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Mambo ya kueleza kuhusu watoto hawa ni mengi. Nitakaa zaidi kwenye moja, la kumweka mtoto kifuani, kwa sababu utafiti wa miaka ya karibuni umebadilisha tulichokuwa tukiwaambia akina mama.

Tulivyofundishwa, na kilichobadilika

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa hivi: mtoto mdogo sana apelekwe kwanza kwenye mashine ya joto, mama abaki wodi yake akipumzika, awe anakuja kila baada ya saa tatu kuleta maziwa. Kumweka kifuani kungeanza mtoto "akishatulia", maana yake anapumua vizuri bila msaada na hana dripu. Nami nilifuata hivyo. Nimewarudisha akina mama mlangoni mara nyingi: "Mama, kapumzike, tutakuita." Wapo tuliowaita na habari ikawa mbaya. Mtoto alifariki kabla mama yake hajamshika hata mara moja.

Shida ya utaratibu ule ni kwamba watoto njiti wengi wanaofariki hufariki siku za mwanzo kabisa. Tulikuwa tunangoja watulie ndipo tuwape tiba, na wengi hawakufika huko.

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, daktari wa watoto Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa. Mashine za joto hazikutosha, watoto walichanganywa na kuambukizana magonjwa, na baadhi ya akina mama waliotenganishwa na watoto wao muda mrefu hawakurudi kuwachukua. Akaanza kuwafunga watoto vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, jinsi kangaruu anavyombeba mwanawe mfukoni. Mwaka uliofuata Dkt. Héctor Martínez akajiunga naye. Kwa miaka mingi watu waliiona ni njia ya nchi zisizo na mashine, kitu cha kujishikizia tu. Watafiti wa huko Bogotá waliwafuatilia baadhi ya watoto hao hadi walipofika kama miaka 20. Waliokuwa kundi la kangaruu walikuwa watulivu zaidi, walikosa shule mara chache zaidi, na wazazi wao walikuwa karibu nao zaidi.

Swali lililobaki ni kama mtoto awekwe kifuani mara tu anapozaliwa, kabla hajatulia. Jibu lilikuja mwaka 2021, katika utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwenye hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwetu ukiwa Dar es Salaam. Waliingizwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi kasoro kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja walianza kukaa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Kundi la pili walisubiri watulie, kama ilivyokuwa kawaida. Huko kwenye chumba cha uangalizi maalumu, kundi la kwanza walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku, na la pili saa moja na nusu.

Ndani ya siku 28 walifariki watoto 191 katika kundi la kwanza, sawa na asilimia 12, na 249 katika kundi la pili, sawa na asilimia 15.7. Ukichukua watoto mia wa uzito huo, karibu wanne zaidi walibaki hai. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba kamati ya usalama ilishauri utafiti usimamishwe mapema, isije ikaonekana kundi la pili linanyimwa kitu kinachojulikana kuwa kinaokoa.

Naomba ulielewe vizuri hili. Watoto wale hawakunyimwa matibabu mengine. Kitanda cha mama kililetwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu, na mtoto alipata oksijeni, dawa na dripu akiwa hapo hapo kifuani. Walioshindwa kupumua wenyewe ndani ya saa ya kwanza hawakuingizwa kwenye utafiti. Kwa hiyo usisome habari hii ukaamua kubaki nyumbani na mtoto wa kilo moja na nusu ukimfunga kanga. Kifua kinafanya kazi pamoja na hospitali.

Kwa nini kinasaidia? Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, anapoa haraka, na mtoto aliyepoa hutumia nguvu zote kujipasha joto, sukari ikashuka na pumzi ikalegea. Mwili wako unampa joto lisilokatika umeme ukikatika. Vijidudu vya ngozi yako ni vya nyumbani kwake, tofauti na vile vya wodi. Maziwa hutoka mapema zaidi. Na mama aliye na mtoto kifuani huona mabadiliko kabla ya nesi mwenye watoto ishirini wa kuwaangalia. Hili la mwisho nalisema kama nesi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo mapya: mtoto njiti au mwenye uzito mdogo aanze kukaa kifuani mara baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana. Si kila wodi imeshabadilika. Nyingine hazina vitanda vya mama karibu na watoto, na hilo huwezi kulitatua wewe. Unachoweza ni kuuliza kwa upole: "Nesi, naweza kumweka kifuani sasa? Kama bado, ni kwa sababu gani, na nije kuuliza tena saa ngapi?"

Namna ya kumweka

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande mmoja. Shingo ndiyo ya kuangalia sana. Ikikunjika mbele njia ya hewa inaziba, ikirudishwa nyuma mno vilevile. Inyooke kidogo tu, kama mtu anayenusa hewa. Funga kwa kanga au kitambaa kizito hadi usawa wa chini ya sikio lake, kikaze vya kutosha asiteleze unapoinuka, ila tumbo lake liwe na nafasi ya kupumua. Ukitaka kulala, lala nusu umeketi, umeegemea mito.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuanza mara tu anapokuwa macho na hali yake inaruhusu. Ukichoka, baba ampokee. Bibi na mama mdogo pia wanaweza, mradi wawe na afya, wameoga na hawana kikohozi. Nimeona akina baba wanaoanza kwa aibu, shati limefunguliwa vifungo viwili tu, na baada ya siku mbili hawataki kumrudisha mtoto.

Mapafu na pumzi

Mapafu ya njiti hukosa utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane. Ndiyo sababu anahema kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Hospitali nyingi sasa zina mashine ndogo inayosukuma hewa puani taratibu ili mapafu yasijifunge. Inatisha kuitazama, lakini inasaidia.

Kinga moja huanza kabla ya kuzaa. Mwaka 1972 madaktari wa New Zealand, Liggins na Howie, walionyesha kwamba mama akichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla ya kujifungua mapema, watoto wengi zaidi huishi. Sindano hizo zinahitaji muda kufanya kazi, vizuri zaidi siku nzima. Ukipata uchungu, maji yakavuja au damu ikatoka mimba haijafika, usisubiri kupambazuke.

Njiti wengine "husahau" kupumua kwa sekunde kadhaa kwa sababu ubongo haujakomaa. Hospitali huwapa dawa inayoitwa kafeini, ndiyo ile ile iliyomo kwenye kahawa, kwa kipimo kidogo sana. Nyumbani usimpe mtoto kahawa wala chai. Kipimo kikizidi ni sumu.

Utumbo na maziwa

Upo ugonjwa wa utumbo wa njiti ambapo sehemu ya utumbo huharibika na hata kutoboka. Tumbo huvimba na kuwa gumu, matapishi yanakuwa ya kijani, kinyesi kinakuwa na damu. Maziwa ya mama hupunguza hatari yake, na maziwa ya kopo huiongeza. Hata kama mtoto hawezi kunyonya, anza kukamua ndani ya saa za mwanzo, angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Siku ya kwanza unaweza kupata matone ya kujaza kijiko tu. Usiyamwage hayo ya njano. Apewe kwa mrija, kisha kikombe, kisha titi. Maji, glukosi, maziwa ya mbuzi na dawa za kienyeji za tumbo visimguse.

Macho

Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, watoto njiti wengi Marekani na Ulaya walipofuka. Walipewa oksijeni nyingi kwa nia njema, na mishipa ya damu nyuma ya jicho ikakua vibaya. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 kabla ya wakati, ni mmoja wao. Utafiti uliofanyika Marekani mwaka 1953 na 1954 ndio ulioonyesha hatari hiyo wazi. Siku hizi oksijeni hupimwa, lakini tatizo halijaisha. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au chini ya kilo 1.5, anahitaji daktari wa macho amwangalie wiki 4 hadi 6 baada ya kuzaliwa. Kwa nje jicho huonekana zima kabisa, na muda wa kulitibu ni mfupi. Kama umeruhusiwa kwenda nyumbani na hakuna aliyekutajia macho, rudi ukaulize.

Manjano, kwa kifupi: ubongo wa njiti unaumizwa nayo kwa kiwango kidogo kuliko wa mtoto aliyetimiza miezi. Jua la asubuhi halitoshi. Anahitaji kipimo na taa maalumu.

Mkisharudi nyumbani

Endelea kumweka kifuani hadi mwenyewe aanze kujinyonganyonga na kukataa, kwa kawaida akikaribia kilo 2.5. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba ili kumpasha joto. Hewa yake inaua bila harufu, na mama naye hufa. Wageni wapungue, na kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni.

Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa kifuani njiani, ukiona anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi, amekataa kunyonya au amelegea, mwili unabaki baridi hata akiwa kifuani au homa imefika 37.5, degedege, manjano mpaka nyayoni, au zile dalili za tumbo nilizotaja. Usimsubiri baba arudi kazini.

Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa, kwa hiyo usizichelewesha kwa kuwa ni mdogo. Ikiwa ipo ya kusubiri uzito, kliniki watakuambia. Uliza pia kuhusu matone ya madini ya chuma, kwa sababu akiba ya chuma hujengwa miezi ya mwisho ya ujauzito na yeye aliikosa.

Ukuaji, kwa upande mwingine, unapimwa kwa umri uliosahihishwa. Mtoto aliyewahi miezi miwili, akiwa na miezi sita mtazame kama wa miezi minne. Jirani akisema wa kwake wa umri huo anakaa na wako bado, mpe hesabu hiyo. Tunaitumia hadi miaka miwili. Mwombe nesi aandike wiki za ujauzito na uzito wa kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki, ukurasa wa mbele, ili kila atakayempima aanzie hapo.