UZI: Kesi za meli, London, na kikao cha Moscow 1972

Kila mjadala wa bandari ukianza hapa, lazima kuna mtu ataandika: mbona mizozo yetu inaamuliwa ng'ambo, tumeuza nchi? Kelele zilizidi Novemba 2022, mikataba ya mikopo ya SGR ilipowekwa hadharani na watu wakaona mizozo inapelekwa Beijing. Nasomea sayansi ya siasa, na swali hilo limenifikisha mahali sikutarajia: Moscow, mwaka 1972. Tulieni, tutafika.

Kwanza tusichanganye mambo. Mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia uliamuliwa na mahakama ya The Hague Oktoba 2021. Hiyo ilikuwa nchi kwa nchi. Hapa naongelea biashara. Mtu amekodi meli ilete ngano Mombasa, meli ikakaa nangani kuliko siku walizokubaliana, mwenye meli anadai demareji. Nani alipe? Mara nyingi jibu halitafutwi kortini. Pande mbili zilishakubaliana kwenye mkataba wa kukodi meli kwamba mzozo utaenda kwa waamuzi binafsi, watu wanaoijua kazi ya meli, na uamuzi wao utawafunga. Kwa Kiswahili tunaita usuluhishi, lakini si ule wa wazee kuwapatanisha watu mkanywa chai. Ukishindwa, unalipa.

Sasa, kwa nini London? Kwa sababu ndiko wenye meli, madalali na kampuni za bima walikuwa. Baltic Exchange, soko la kukodisha meli, ilianzia kwenye mkahawa wa kahawa karne ya 18. Mkataba wa Lloyd's wa kuokoa meli zilizo hatarini ulipata fomu moja ya kawaida mwaka 1908, na malipo ya waokoaji yakawa yanaamuliwa huko huko. Chama cha waamuzi wa meli wa London kiliundwa 1960, cha New York kikafuata 1963.

Wasovieti hawakuipenda hali hii. Mwaka 1930 waliunda Tume yao ya Usuluhishi wa Bahari mjini Moscow, na mwanzoni kazi yake ilikuwa hizo kesi za uokoaji. Kisiasa ni rahisi kuelewa: dola ya kijamaa haitaki meli zake zihukumiwe na mabepari. Ila shida yao ilikuwa upande wa pili. Meli ni ya serikali, kampuni ni ya serikali, na tume iko chini ya chemba ya biashara ya nchi hiyo hiyo. Ungekuwa mfanyabiashara wa nje, ungeingia kwa roho safi?

Na hapo ndipo 1972 inaponivutia. Nixon alifika Moscow Mei, na Julai Marekani na Wasovieti wakakubaliana biashara kubwa ya nafaka. Nafaka hiyo ilihitaji meli, na meli huzaa mizozo. Mwaka huo huo Moscow ikaandaa kongamano la kwanza la kimataifa la waamuzi wa kesi za bahari, linaloitwa ICMA kwa kifupi. Wasovieti, wenye tume yao na meli zao, waliwakaribisha mabepari mezani.

ICMA si mahakama na haitoi hukumu. Waamuzi na mawakili wa meli wanakutana kila baada ya miaka michache, wanasoma makala, wanabishana kuhusu gharama na ucheleweshaji, na (tuseme ukweli) wanakula vizuri. Kuna mhadhara wa kumkumbuka Cedric Barclay, mwamuzi wa London aliyelijenga kongamano hili. Lakini mwamuzi huteuliwa na pande zenye mzozo, na hakuna anayemteua mtu asiyemjua. Vikao kama hivi ndiko majina yanakojulikana.

Angalieni miji iliyoandaa: London 2004, Singapore 2007, Hamburg 2009, Vancouver 2012, Hong Kong 2015, Copenhagen 2017, Rio de Janeiro Machi 2020 (wiki ile ile korona ilipotangazwa janga la dunia), Dubai 2023. Hakuna mji wa Afrika hapo.

Singapore ndiyo mfano ninaoupenda. Iliunda chemba ya usuluhishi wa bahari 2004, ikaifumua na kuijenga upya 2009 ili ijitegemee zaidi. Mwaka 2012 BIMCO, shirika la wenye meli ambalo fomu zake za mikataba zinatumika duniani kote, likaiweka Singapore pamoja na London na New York kwenye kifungu chake cha usuluhishi. Hong Kong iliongezwa 2020. Sisemi kuandaa kongamano ndiko kulikowapa nafasi hiyo. Nasema waliitafuta kwa miaka.

Kwetu, sheria haikosekani. Kenya ilijiunga na Mkataba wa New York wa kutambua maamuzi ya kigeni mwaka 1989. Sheria ya Usuluhishi ni ya 1995, Katiba kifungu cha 159 inauhimiza, na kituo cha kimataifa cha Nairobi kiliundwa kwa sheria ya 2013. Kwa hivyo mwanasiasa akipanda jukwaani kuahidi "kurudisha kesi nyumbani", mulizeni atamshawishi vipi mwenye meli wa Ugiriki akubali neno "Mombasa" liandikwe pale fomu inaposema "London". Bunge letu halina uwezo wa kumlazimisha.