Vigae vya kale havina kabila

KISANGANI – Anayechimba udongo wa matofali kando ya mto Kongo hukuta vipande vya vyungu na makaa. Wengi huvitupa. Kumbe ndiyo kumbukumbu ya zamani ya nchi hii.

Mara nyingi historia ya Kisangani huanzishwa na Stanley, aliyepita maporomoko ya Boyoma mwaka 1877. Lakini alikuta watu mtoni, wakiwemo wavuvi. Kuanzia mwaka 1977, Mjerumani Manfred Eggert na wenzake walipita kwa mashua katika mito ya bonde la Kongo, hasa upande wa Équateur. Walionyesha kwamba wafinyanzi waliishi huko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 2010, safari ya Boyekoli Ebale Congo ilitoka Kisangani na wataalamu Wakongomani na Wabelgiji. Wanaakiolojia waliokuwemo walitafuta mabaki kwenye kingo za mto.

Udongo wa msitu huozesha mifupa upesi. Vinavyodumu ni vigae, makaa na maganda ya mbegu za mchikichi. Makaa hupimwa umri katika maabara, na umri huo husomeka pamoja na vigae vilivyolala nayo shimoni. Kigae kikishatolewa bila mahali pake kuandikwa, habari yake imepotea.

Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni. Anayekuta kitu cha kale kwa bahati anapaswa kuarifu serikali. Katika kijiji, mwanzo ni rahisi: kuacha kuchimba, kuweka alama, kumwambia mkuu wa kijiji.

Jambo hili linawagusa pia waliokimbia. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeondoa familia nyingi kwao, Lubunga na vijiji vya jirani. Mahame yao yana makaburi na majiko ya wazee. Mzee aliye kambini bado anajua kijiji cha babu kilikuwa wapi. Vijana wayaandike majina hayo angali hai.

Lakini kigae kisigeuzwe silaha ya kudai nani alitangulia. Chungu hakisemi mfinyanzi wake alikuwa kabila gani. Kinasema tu kwamba hapa watu walipika, wakala, wakahama, na wengine wakaja.