Miche 62 ya Kikogwe na Daftari la Mama

Januari ya mwaka jana, sisi ndugu wanne tulipanga malengo ya nyumbani kwetu Muheza bila hata mmoja wetu kutoka mjini. Tuliyapanga usiku mmoja kwenye kundi la familia la simu, kila mtu akiongeza lake. Kuku 300. Tikiti maji ekari mbili. Miche 200 ya michungwa. Kisima. Ng'ombe wawili wa maziwa. Kufika saa sita usiku orodha ilikuwa na mambo kumi na moja, na tukapongezana kwelikweli. Mama, mwenye miaka 68, ambaye ndiye angeyatekeleza yote, hakuwamo kwenye kundi. Simu yake ni kitochi.

Niliporudi Desemba nilikuta banda tupu. Kideri kilipita, kuku wakaisha ndani ya wiki. Tikiti zilikosa maji. Kati ya miche 200, iliyokuwa hai ni 31, niliihesabu mwenyewe. Kisima hakikuchimbwa, ng'ombe hawakununuliwa. Lililonishtua ni deni: mama alikopa VICOBA kununua chakula cha kuku, akaona aibu kutuambia. Jioni ile akasema, bila hasira, "Kuna mtu anataka kukodi shamba lote, miaka mitano. Mimi nimechoka, mwanangu. Mkipanga tena, mpange na mtu mwingine."

Shamba lile ndilo lililotusomesha. Likikodishwa lote miaka mitano, sioni mama atabaki pale akifanya nini. Nikamwomba asubiri hadi mwisho wa Januari. Mimi ni mwandishi wa habari, na jambo likinishinda hukimbilia kusoma. Safari hii nilitaka kujua: hapa Tanga, watu waliotangulia walipangaje mwaka, na nani alifika?

Nilianza na reli, kwa sababu inapita karibu na kwetu. Nilipokuwa nasoma Usagara, mjini Tanga, tulifundishwa kwamba Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 kutoka bandarini. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba kampuni iliyoijenga iliishiwa pesa baada ya kilomita kama arobaini tu. Iliishia wapi? Muheza. Ilifika mwaka 1896, ikakwama miaka, mpaka serikali ya kikoloni ilipoichukua mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911.

Na haraka ile yote ilikuwa ya nini? Mojawapo ni kahawa ya Usambara. Walowezi waliona misitu minene ya milima ile wakasema ardhi yenye miti mikubwa namna hii lazima ina rutuba kubwa. Wakafyeka, wakapanda. Kumbe rutuba nyingi ilikuwa kwenye msitu wenyewe, kwenye majani yaoanguka na kuoza. Udongo uliobaki ulichoka mapema, na mashamba mengi ya kahawa yakadorora. Waliitazama miti, hawakuupima udongo. Mwaka 1902 serikali yao ilianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, milimani juu ya Muheza. Kwa maneno mengine, kupima kwa dhati kulikuja baada ya kupanda. Nilicheka niliposoma hayo, kisha nikakumbuka zile tikiti maji.

Wakati reli inaanza, kusini kidogo, upande wa Pangani, kulikuwa na hesabu nyingine. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Hamburg. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Yaani 938 vilikufa njiani. Hivyo 62 vikapandwa Kikogwe, na mkonge karibu wote uliokuja kuijaza Tanganyika ulitokana na hivyo.

Kila mtoto wa Tanga amewahi kusikia habari hii kwa namna fulani, na husimuliwa kama muujiza. Safari hii niliisoma kama hesabu za nyumbani. Mkonge una tabia mbili zilizoufaa mpango ule. Huzaa machipukizi yake wenyewe, kwa hiyo mbegu ya mwaka kesho haihitaji mkopo. Na hauna haraka: majani ya kwanza hukatwa baada ya miaka kama mitatu hivi au zaidi. Aliyepanda Kikogwe hakuwa na la kujivunia mwaka wa kwanza isipokuwa kwamba mimea ilikuwa hai na inazaana. Hilo ndilo lililokuwa lengo la mwaka ule, na lilitosha. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000.

Lakini nisipendezwe mno. Tani zile zilikatwa na manamba, watu walioletwa kutoka mbali, wengi Waha kutoka Kigoma na Wamakonde kutoka kusini, wakifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30, na mshahara ni hadi siku zote zijae. Ukiugua, kipande kinakusubiri. Halafu nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata moja ya tano ya ule wa 1964. Mji mzima ulikuwa umeegemea zao moja. Subira ya Kikogwe ninaichukua. Kuegemea zao moja, hapana.

Kwa hilo la pili inabidi kupanda mlimani, kwa Wasambaa. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza jinsi walivyopenda kujenga karibu na ukingo wa milima, si kwa ajili ya kutazama mandhari, bali ili kaya moja iweze kulima sehemu mbili: migomba juu kwenye baridi na mvua, na mahindi chini nyikani kwenye joto. Nyika ikikauka, migomba ipo. Ndizi hazisubiri msimu mmoja, kwa hiyo hata mwaka mbaya chungu hakikauki kabisa. Lengo la kaya ile, nikilisema kwa lugha ya leo, halikuwa kuvuna sana. Lilikuwa kutokufika sifuri.

Kisha Waingereza wakaja na mpango wao. Kuanzia mwaka 1946 kule Mlalo, na baadaye sehemu kubwa ya Usambara, kila kaya iliamriwa kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Asiyefanya, faini. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, tusidanganyane; na ukienda Lushoto leo utaona mashamba mengi yenye matuta ambayo hakuna askari aliyeyasimamia. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Ila mpango ulijua mwinuko wa mlima na haukujua mikono iliyomo ndani ya nyumba. Siku za kutengeneza matuta zilitoka kwenye siku zilezile za kulima chakula, na mwenye kishamba kidogo ndiye aliyeumia zaidi. Watu wakagoma, manung'uniko yakaingia kwenye siasa za TANU, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Hapo nilifunga vitabu kwanza. Orodha yetu ya mambo kumi na moja ilikuwa na picha, bei, hata faida. Haikuwa na mstari mmoja unaosema kazi hii itachukua siku ngapi za nani. Tulikuwa serikali ya kikoloni ya mama yetu.

Jambo la mwisho nililolitafuta ni mwaka wenyewe. Kwa nini tulipanga Januari? Kwa sababu ndipo likizo inaisha. Watu wa pwani walikuwa na mwaka mwingine kwa kazi za shamba na bahari. Miezi ya Kiislamu huhama, mwaka wake ukiwa pungufu kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo haiwezi kumwambia mkulima lini atifue. Wakawa na mwaka wa jua, unaoanza Nairuzi, ile Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi, Unguja, bado huisherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kuanzia siku hiyo walihesabu kumi kumi, na kila kumi iliitwa mwongo. Miongo 36 na siku tano za ziada, jumla 365. Mzee alikuwa akijua mwongo gani wa kufyeka na mwongo gani wa kupanda. Siku kumi ni kipimo cha mtu mwenye jembe. Ndani yake unaweza kuona kama kazi imekwenda au imelala.

Wapenzi wa vitabu mtakuwa mnajiuliza mbona simtaji mtu wa Machui. Shaaban Robert, aliyezaliwa huko nje kidogo ya mji wa Tanga mwaka 1909, alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 na akatumikia serikali sehemu kubwa ya maisha yake. Ndiye aliyeandika Utubora Mkulima, riwaya iliyotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, kuhusu mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima. Nilipoisoma nikiwa kijana niliona ni mahubiri. Nilipoirudia mwezi ule nilisimama kwenye jambo dogo tu: Utubora alikwenda mwenyewe. Sisi tulitaka jembe lishikwe na mama na ndoto zikae Dar es Salaam.

Basi wiki ya mwisho ya Januari tukaenda wote wanne. Tulikaa na mama siku mbili, chini ya mwembe, na daftari lake la VICOBA ambalo kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Hatukuanza na malengo. Tulianza na mikono: mama, siku tatu kwa wiki, asubuhi tu, kwa sababu magoti hayamruhusu zaidi. Binamu yetu, siku nne. Kibarua, wakati wa palizi, kadiri ya hela tutakazotuma. Kila mmoja wetu, siku kumi kwa mwaka, za kuja kwa mwili wake. Tukagawa siku zile kumi kumi mpaka mwisho wa masika, na kila kumi tukaiandikia kazi moja.

Malengo yaliyotoka ni manne. Muhogo nusu ekari na mahindi ya masika, ya kula. Ile miche 31 isife hata mmoja, na tuongeze 20 tu mvua zikianza. Machungwa tutayaona mwaka wa nne. Kuku 12 wa kienyeji, na chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu. Deni la VICOBA tulilipe sisi wanne, limalizike kabla ya Idi. Na yule mkodishaji tumempa ekari moja na nusu upande wa barabarani, misimu miwili, si shamba lote.

Mdogo wetu alinung'unika kwamba haya si malengo, ni mambo ambayo mama angeyafanya hata bila sisi. Mama akamtazama. "Hata mwaka jana ningeyafanya," akasema. "Nilikosa nafasi, nilikuwa nafuga kuku wenu."

Ninaandika haya katikati ya Aprili, mvua ikiwa imeanza. Jana binamu alipiga simu. Mahindi yamefika magotini. Miche iliyo hai ni 49 kati ya 51. Miwili imeliwa na mbuzi wa jirani, na mama amekwenda kuzungumza naye.