Asili ya Bustani Zetu

Neno "bustani" asili yake ni Kiajemi, nalo lilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Huenda kwa sababu hiyo wako wadhanio kwamba jambo lenyewe pia ni la kigeni; kwamba wazee wetu walijua shamba lakini hawakujua bustani, hata walipokuja Wazungu na kabichi na karoti zao. Dhana hiyo ni potofu, na yatupasa kuisahihisha, kwa maana mtu asiyejua asili ya kitu chake hukitupa bila majuto.

Baadhi ya wataalamu huamini kwamba kilimo cha bustani kilianzia karibu na makao ya watu. Mbegu zilizotupwa jalalani ziliota penye majivu na samadi, na watu wakaona kwamba mimea ya hapo hustawi kuliko ya porini. Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Hapa Nangara, katika mji wa Babati, mvua za kwanza zikinyesha, mgagani na mnafu huota yenyewe penye zizi la zamani. Hakuna aliyeipanda, imefuata samadi. Mama achumaye majani hayo kwa ajili ya kitoweo, kisha akaacha mashina machache yazae mbegu, huyo amekwisha kuanza bustani. Ndiyo kusema kwamba bustani zetu za kwanza zilikuwa kando ya zizi, na watunzaji wake wakuu walikuwa wanawake.

Kutoka hapo maarifa yalikua. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu, ambao lugha yao ni ndugu na Kigorowa cha wenyeji wa Babati, walizoea kulaza ng'ombe ndani ya nyumba, na samadi wakaipeleka shambani mwaka hata mwaka. Wachaga katika vihamba vyao walichanganya migomba, miti na mboga pamoja, wakaleta maji kwa mifereji kutoka Kilimanjaro. Na huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo hadi leo mabaki ya mifereji na kuta za mawe katika eneo la hekta zipatazo 2,000, yaliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18. Watu hao hawakungoja kufundishwa thamani ya maji.

Wala wazee wetu hawakukataa vya wageni. Migomba ilitoka Asia. Mahindi, maboga na viazi vitamu vilitoka Amerika. Walivipokea vyote, wakavifanya vyao. Kosa lilikuja baadaye, wakati wa ukoloni, baadhi yetu tulipoanza kuziita mboga zetu wenyewe magugu na chakula cha maskini. Hata baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967 na kilimo kuingizwa katika maisha ya shule, hatukuacha kabisa kumpa mwanafunzi jembe kama adhabu. Mtoto aliyelimishwa kwa sababu ya kuchelewa atawezaje kuiona bustani kuwa ni elimu?

Leo Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002. Mji unapokua, mazizi hupungua na viwanja hugawanywa. Na mahali pasipo zizi, mgagani hauoti wenyewe kwa wingi kama penye samadi. Kwa hiyo lile lililofanywa na maumbile yatupasa sasa kulifanya kwa mpango.

Kipande cha hatua tano kwa nne chatosha kuanzia. Kichaguliwe mahali pa jua, karibu na jiko, ili maji ya kuoshea mboga yasipotee. Kizungushiwe ua, maana kuku na mbuzi hawana subira. Matuta yawe na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Na penye mteremko yakatishe mteremko, yasifuate maji. Samadi itumike ikiwa imeoza vema. Mnafu, nyanya na bilinganya ni jamaa moja, basi visifuatane katika tuta moja. Kunde ziwekwe baina yao, kwani huurudishia udongo rutuba. Kiangazi kikifika, matandazo ya majani makavu yahifadhi unyevu. Na anayetamani ardhi ya kando ya Ziwa Babati akumbuke mambo mawili: viboko hutoka usiku kula, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni mbegu. Wataalamu wa mboga huko Arusha wamekuwa wakikusanya na kuhifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika, nasi twawashukuru. Lakini mbegu iliyo ghalani haimfundishi mtoto kuipika. Mwalimu na awatume wanafunzi wake kwa bibi zao, waulize majina ya mboga, majira ya kuzipanda na namna ya kuzikausha. Kisha wazipande shuleni, si kwa adhabu bali kwa heshima. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Bibi hao hawatakuwapo siku zote, nayo maarifa yao hayakuandikwa popote ila mikononi mwao.