Vidole Kumi vya Mtafuta Kazi

Anayetafuta kazi Nairobi, awe mhasibu anayeitaka nafasi Upper Hill au mlinzi wa lango Kileleshwa, siku moja atajikuta na wino vidoleni. Ataomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, atalipa Sh1,050, atachapisha fomu C24, kisha ataipeleka makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, katika Barabara ya Kiambu, au Huduma Centre ya GPO katikati ya jiji, na huko vidole vyake vyote kumi vitabanwa juu ya karatasi. Baada ya muda cheti hutoka kikisema kwamba hana rekodi ya uhalifu. Mwajiri hukipokea, hukitia kwenye faili na kuendelea na shughuli zake. Mara nyingi hakulipa kitu wala hakuuliza mtu. Utaratibu huu tumeuzoea kama jambo la kipolisi tu, uliowekwa ili wezi wasikaribie mali yetu na wakatili wasikaribie watoto wetu. Mimi nashikilia kwamba sehemu yake muhimu, yaani kumwachia mtafuta kazi mzigo wote wa kuthibitisha usafi wake kwa vidole vyake mwenyewe, ilikomaa katika udhibiti wa vibarua wakati wa ukoloni, na bado tunaibeba bila kuipima upya.

Polisi wa koloni walikuwa na kitengo kidogo cha alama za vidole tangu 1911, na idara yao ya upelelezi ikaanzishwa 1926. Lakini aliyechukua alama za vidole vya watu kwa mamia ya maelfu, watu wasioshukiwa kosa lolote, hakuwa mpelelezi. Alikuwa afisa wa usajili wa vibarua. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915, ikacheleweshwa na vita, na ilipoanza kutekelezwa mnamo 1919 na 1920 ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho na kazi. Wengi walikitia kwenye kikebe cha chuma na kukining'iniza shingoni. Ndani ya kipande mlikuwa na jina, kwao, alama za vidole, jina la mwajiri, siku ya kuandikwa, mshahara na siku ya kuachishwa. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kuandikwa kwingine kihalali, na akiondoka hivyo hivyo alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Hata ufundi wenyewe ulikuwa umepitia kwenye kandarasi kabla ya kufika polisi: huko Bengal, mwaka wa 1858, afisa wa Uingereza William Herschel alimtaka mkandarasi aweke alama ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana. Matumizi ya kipolisi yaliyoenea chini ya afisa wa polisi Edward Henry, na kufika Scotland Yard mwaka wa 1901, yalifuata baadaye.

Tazama basi kilichotokea. Mtu aliyeacha kazi kwa sababu ya kipigo au posho mbovu aligeuka kuwa mkosaji, na vidole alivyotoa ili apate kazi ndivyo vilivyotumika kumsaka. Rekodi ya uhalifu na rekodi ya kazi zikawa kitu kimoja, kwa kuwa sheria yenyewe ilizalisha wakosaji ambao daftari lake liliwatafuta. Watu wa Nairobi walilielewa hilo upesi. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya mwanaharakati Harry Thuku na wenzake, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, na tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa Thuku kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Zaidi ya watu ishirini waliuawa, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Hata hivyo, miaka hiyohiyo ya 1920 haikuisha kabla watumishi wa nyumbani hawajaongezewa usajili wao wa pekee: kitabu chekundu, ambamo kila mwajiri aliandika alivyouona mwenendo wa mpishi au yaya wake. Katika mitaa ya Wazungu upande wa magharibi wa mji, neno moja la bibi mwenye nyumba lingeweza kumfungia mpishi milango ya barabara nzima, naye hakuwa na mahali pa kuandika jibu lake.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote unatoka kwa walowezi wenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, shinikizo la Waafrika, likiwemo la Eliud Mathu ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, liliilazimisha serikali kuachana na kipande. Sheria ya Usajili wa Watu ya 1947 ikataka wakazi wa rangi zote wasajiliwe kwa njia moja, vidole vikiwemo. Walowezi walikasirika. Kuchovya vidole kwenye wino, walisema, ni kutendewa kama mhalifu. Mabishano yakafikishwa mbele ya tume ya Sir Bertrand Glancy, na njia ya kuyatuliza ikawa kwamba anayejua Kiingereza aweze kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Watu waliokuwa wamewadai wapishi na vibarua wao alama za vidole kwa karibu miaka thelathini walijua fika kitendo hicho kinamwambia nini anayetendewa. Walichokitetea ni kwamba wao wasiambiwe hivyo. Ndiyo maana sikubali kwamba hisia ya kudhalilika kwenye foleni ya vidole ni ulegevu wa watu wa siku hizi.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza: kipande kilikuwa sheria ya ubaguzi, lakini cheti cha tabia njema kinaombwa na kila mtu, hakina mshahara wala jina la mwajiri wa zamani, na hakuna anayekamatwa barabarani kwa kukosa kukibeba. Hili ni kweli, na ni tofauti kubwa. Anayesema cheti ni kipande kilichobadilishwa jina anawakosea heshima waliokivaa shingoni. Lakini usawa wa sheria haujafuta tofauti ya uzito. Mnamo Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kilipandishwa hadi Sh16,113.75 kwa mwezi. Kwa mtu huyo, Sh1,050 ni ujira wa karibu siku mbili, bila kuhesabu nauli kutoka Kawangware au Kangemi, wala siku ya kibarua iliyopotea. Kwa meneja wa Westlands ada hiyohiyo haifiki bei ya chakula cha jioni cha watu wawili.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mzazi anayemwachia yaya mtoto, au shule inayomwajiri mwalimu, ana haki ya kuuliza, tena ana wajibu. Naafiki kabisa. Naongeza hata kwamba kidole kinamlinda asiye na hatia, kwa maana katika jiji ambalo maelfu wanashiriki majina, msako wa jina peke yake ungemtwika mtu kosa la wajina wake. Swali langu ni kama cheti kinajibu kile ambacho mzazi huyo anauliza. Cheti kinasema tu kama vidole hivi vimo kwenye kumbukumbu za polisi wa Kenya. Mwizi ambaye hajawahi kukamatwa hupewa cheti safi. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa dogo lisilohusiana kabisa na kazi anayoiomba huweza kukataliwa kwa sababu ya mstari mmoja. Wenye nyumba wengi wa Lavington na Kilimani wanalijua hilo, ndiyo maana bado humtegemea jirani anayemfahamu msichana wa kazi, au humpigia simu mwajiri wa zamani. Simu hiyo ina kasoro za kitabu chekundu, kwani chuki ya mtu mmoja inaweza kuharibu riziki ya mwingine. Lakini angalau mwajiri ndiye anayefanya kazi ya kuuliza, na mfanyakazi anaweza kutaja mtu mwingine wa kumsemea.

Baada ya Katiba ya 2010 mzigo uliongezeka. Kwa jina la Sura ya Sita, inayohusu uadilifu wa viongozi, waombaji wa kazi za umma walitakiwa kuleta vyeti vya DCI, tume ya kupambana na ufisadi EACC, mamlaka ya ushuru KRA, bodi ya mikopo ya wanafunzi HELB na kampuni ya kumbukumbu za mikopo, na vijana wengi walivilipia kabla hata ya kuitwa kwenye usaili. Bunge lililitambua hilo: marekebisho ya mwaka wa 2022 ya Sheria ya Ajira yanamzuia mwajiri kudai vyeti vya namna hiyo isipokuwa anapokusudia kutia sahihi mkataba na mwombaji. Ni hatua njema, na imechelewa, lakini inagusa wakati wa kudai peke yake. Hatua inayofuata iko wazi: mwajiri alipe ada mwenyewe, aseme kwa maandishi ni makosa gani yanaizuia kazi husika na kwa nini, na ampe mwombaji nafasi ya kujibu kabla ya kumkataa. Zipo taasisi za Nairobi zinazolipia kampuni binafsi zichunguze elimu na historia ya watu wanaotaka kuwa wakurugenzi wao; hazitashindwa kumlipia Sh1,050 mlinzi anayekesha langoni pao.