Dawa Iliyoshindwa Beni

Omena hakuwa paka wa kubebwa kama mtoto. Alikuwa mfanyakazi. Kwa keja yetu Makina, Kibera, panya walikula unga, sabuni, hadi nyaya za redio, na majirani wawili walikuwa wanamwazima usiku wakiwa na gunia la mahindi ndani. Kwa hivyo tumbo lake lilipoanza kufura mwaka 2021, watu walisema ana mimba. Omena alikuwa dume.

Nilimtia kwa kikapu, nikapanda boda hadi Kawangware, kwa daktari wa mifugo ambaye wateja wake wengi huja na kuku na mbwa wa kulinda. Akadunga sindano tumboni, akavuta maji ya manjano yanayonata. Aliyaangalia kwa mwanga wa dirisha.

"Kijana, hii inafanana sana na FIP," akasema. "Dawa iko siku hizi. Lakini mimi sina, na hata ningekuwa nayo, hiyo doo hungeiweza."

Omena alikufa baada ya siku tisa. Nilikuwa nimeacha chuo, karo ilinishinda, lakini tabia ya kusoma haikuniacha. Nikaanza kutafuta ni dawa gani hiyo. Nilidhani nitasoma historia ya paka tu. Nikajipata Kongo.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 1963 na Jean Holzworth, daktari wa wanyama kule Boston, Marekani. Unaletwa na kirusi cha korona cha paka. Paka wengi hukipata na hawaumwi, au wanaharisha kidogo yanaisha. Ila ndani ya wachache kirusi hubadilika, kikaingia kwa chembe nyeupe za damu na kusambaa mwili mzima. Mishipa huanza kuvuja, tumbo linajaa maji. Kwa zaidi ya miaka 50, ukiambiwa paka wako ana FIP, umeambiwa ukachimbe shimo.

Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alikuwa akiufuatilia ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Mwishowe akapata molekuli ya kampuni ya Gilead, yenye jina la namba kama gari: GS-441524. Mwaka 2019, yeye na wenzake walitoa matokeo ya paka 31 waliokuwa wagonjwa. 26 walimaliza wiki 12 za sindano ya kila siku au zaidi. Wengine walirudiwa na ugonjwa, wakatibiwa tena, na wengi sana wakapona.

Sasa, molekuli hiyo ina ndugu. Ukiifunga kwa kipande kingine cha kemikali cha kuisaidia kuingia ndani ya seli, unapata remdesivir. Zote mbili zinafanya kazi moja. Kirusi kikijenga nakala yake, dawa hujifanya tofali la kawaida. Ikishawekwa, ukuta unakwama.

Hiyo remdesivir ndiyo ilipelekwa Beni.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Novemba mwaka huo likaanza jaribio la dawa nne, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi yake ya Kinshasa pamoja na Wamarekani. Liliitwa PALM, na ukitaka kujua maana huhitaji mkalimani: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia, kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kila mmoja alipangiwa dawa kwa bahati nasibu, kwa sababu hakuna aliyejua ipi ni bora.

Waliopangiwa remdesivir walikuwa 175. Ndani ya siku 28, 93 kati yao walikufa. Kwa dawa mbili nyingine vifo vilikuwa karibu thuluthi moja tu, na moja ya hizo ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Agosti 2019 remdesivir ikaondolewa kwenye jaribio.

Nilisoma hiyo namba, 93, mara kadhaa. Jaribio lilikuwa halali, na liliipa dunia dawa mbili za Ebola. Pia hakuna mtu aliyelazwa Beni kwa sababu ya paka wa California. Utafiti wa Pedersen ulikuwa na njia yake. Lakini Covid ilipofika 2020, remdesivir haikuanza sifuri. Ilikuwa imeshapita kwa miili ya watu, madaktari wanajua kipimo na madhara yake. Tarehe 1 Mei 2020 Marekani ikairuhusu kwa dharura.

Wenye paka nao walikuwa wanaangalia. Gilead haikuwa imeitoa GS-441524 kama dawa ya paka, kwa hivyo watu walikuwa wakinunua chupa za magendo kupitia makundi ya Facebook, wakijidungia paka wao jikoni. Mwaka 2021, ule ule wa Omena, madaktari wa wanyama Uingereza wakaanza kupata remdesivir kihalali kwa paka. Mwaka 2023, FIP ilipoua paka wengi Kupro, serikali ya huko ilitoa vidonge vya Covid vilivyobaki, vya dawa nyingine, molnupiravir, wakapewa paka.

Sina neno na paka wa Kupro. Ningekuwa na kidonge kimoja ningempa Omena. Ila dawa hii ilijaribiwa kwa watu wanaoongea lugha yetu, kwa jaribio lenye jina la lugha yetu, halafu nikaambiwa Kawangware kwamba siiwezi.

Nilirudi kwa yule daktari mwaka uliofuata, nikiwa na paka mwingine wa kuchanjwa kichaa. Nikampa hiyo story yote. Alimshika paka shingoni, akamdunga, ndipo akajibu.

"Kumbe ilipita hapa jirani tu, ikielekea Ulaya."

Akaniandikia kadi ya chanjo. Kwa nafasi ya jina nilimwambia aandike Beni.